Boti iliyopauka haijaoza

Juzi nilishuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ufukweni niliikuta boti ya faiba imepinduliwa chini ya mwembe, ubavuni imeandikwa kwa mkaa: INAUZWA. Mwenyewe ni mkulima wa kahawa wa huko milimani, aliyeinunua kwa fedha za mavuno mawili. Nilimuuliza ina ubovu gani. Akapitisha kiganja ubavuni, kikatoka na unga mweupe kama chaki.

"Imeoza, mwanangu," akasema. "Bei yoyote napokea."

Fundi mmoja aliyekuwa jirani akacheka, akaomba kikombe cha maji na kuyamwaga pale pale. Rangi ya buluu ikarudi kama mpya. Maji yalipokauka, ikapauka tena. "Mzee," akasema fundi, "rangi ipo. Imefunikwa tu."

Sasa tuelezane. Boti ya faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya poliesta. Juu yake hupakwa ngozi ya gundi hiyo hiyo iliyotiwa rangi, ambayo mafundi huiita jelikoti. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Jua letu kali, pamoja na lile linaloakisiwa na maji, huivunja gundi ya juu ikawa unga. Uso ukikwaruzika hivyo, mwanga hutawanyika, nasi tunaona weupe. Maji yakijaza vijishimo, rangi huonekana tena. Ndiyo maana kikombe cha maji ni kipimo kizuri kuliko macho.

Tiba yake ni hii. Kwanza, osha boti kwa sabuni, mbali na ziwa, kwani maji hayo ndiyo tunayokunywa. Iache ikauke kivulini. Pili, chukua kampaundi ya kung'arishia magari na kitambaa laini, usugue eneo dogo dogo, kama futi 2 kwa 2, mpaka unga uishe. Pakikataa, tumia kwanza msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, huku ukimwagia maji, ndipo urudie kampaundi. Mwisho paka nta, uifute ing'ae. Nta ndiyo kofia ya boti. Pasipo nta, jua litaanza kazi yake upya. Irudie kila miezi michache.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kuna hatari. Tulipozunguka upande wa pili, tulikuta mpwa wa yule mzee alikwisha kuanza kazi kwa mashine na msasa mkavu wa chembe kubwa, akitaka kupaka rangi ya mafuta. Mahali pa upana wa kiganja nyuzi zilikuwa zimeonekana. Nusu milimita si kitu mbele ya mashine. Nyuzi zikiwa wazi, maji hupenya polepole na kuidhoofisha boti, nawe hutajua mpaka siku umebeba abiria na upepo wa mwera umeinua mawimbi. Rangi ya mafuta ingelificha kidonda hicho, isingelikiponya.

Pakifika hapo, kampaundi haifai tena. Hukaushwa vizuri, husafishwa, hupakwa jelikoti mpya iliyochanganywa na dawa ya kugandisha kwa kipimo cha mtengenezaji. Dawa ikipungua haigandi, ikizidi hupasuka. Tena funika kwa karatasi ya plastiki, maana jelikoti ya kawaida ikiguswa na hewa hubaki inanata juu. Na anayepiga msasa afunge pua na mdomo: vumbi la nyuzi za kioo halifai mapafuni.

Jioni ile walimaliza kipande kimoja tu, kile chenye maandishi ya mkaa. Mzee alikitazama kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwamba angengoja kwanza kahawa ya mwaka huu. Sikumuuliza zaidi.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: kabla ya kuuza kwa hasara, mwagia maji kikombe kimoja, uone. Tukutane wiki ijayo.