Kidonge cha Mailoma na Barabara ya Hale

Dawa ya kumeza inayofanyiwa majaribio humwahidi mgonjwa wa mailoma jambo moja kubwa: kutibiwa akiwa nyumbani. Mailoma ni saratani ya seli za plazma ndani ya uboho. Hula mifupa, hupunguza damu, huharibu figo, na tiba yake huchukua miezi, mara nyingi miaka. Kwa mkazi wa Hale, kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga, kila sindano ya hospitali ni nauli, siku ya kazi iliyopotea na mtu wa kumsindikiza. Mabingwa wa saratani wako mbali zaidi, Dar es Salaam au Moshi. Ahadi hiyo, basi, si ndogo, na wanaoiandika kwenye mipango yao hawamdanganyi mtu.

Mpango wenyewe hupita hatua zinazojulikana. Kwanza watu wachache hupewa dawa ili ijulikane dozi salama. Kisha hutazamwa kama inapunguza ugonjwa. Mwisho mamia ya wagonjwa hugawanywa makundi, na dawa mpya hupimwa dhidi ya tiba iliyopo. Kila hatua huandikiwa tarehe, na tarehe hizo huteleza mapema: vibali huchelewa, na wagonjwa wanaotimiza masharti hawapatikani haraka. Kwenye mailoma ipo pia sababu ya kheri. Tiba za sasa humweka mgonjwa miaka kadhaa kabla ugonjwa haujarudi, kwa hiyo tofauti kati ya makundi mawili huchukua muda mrefu kuonekana. Aprili 2024 jopo la washauri wa dawa nchini Marekani lilikubali kwa kura 12 bila kupingwa kwamba mabaki madogo ya seli za saratani katika uboho yatumike kama kipimo cha mapema. Muda utapungua, lakini kipimo hicho kinahitaji maabara ya hali ya juu.

Wilaya ya Korogwe, ambamo Hale imo, ina kumbukumbu yake ya kungoja. Watoto wake walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yaliyoanza 2009 na kumalizika 2014. Pendekezo la kuitumia chanjo hiyo kwa mapana barani Afrika lilitoka Oktoba 2021.

Kinachokamilika mara nyingi ni kidonge chenyewe. Melfalani ya kumeza imetumika tangu miaka ya 1960. Thalidomaidi, iliyoondolewa sokoni 1961 baada ya watoto kuzaliwa na ulemavu, ilirudi ikiwa tiba ya mailoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Lenalidomaidi ikafuata, na 2015 iksazomibu ikaidhinishwa Marekani. Tazama jinsi inavyotumika: kapsuli moja kwa wiki kwa wiki tatu, kisha wiki ya mapumziko, tena tumbo likiwa tupu. Lenalidomaidi inayoambatana nayo humezwa kila siku kwa siku 21, na deksamethasoni mara moja kwa wiki. Hiyo ni kalenda inayohitaji mtu wa kuielekeza kwa utulivu, na kuielekeza tena.

Yanayobaki nyuma ni yale yanayokizunguka kidonge. Chembe za damu lazima zihesabiwe kila mara, figo zipimwe, hatari ya damu kuganda izuiwe, na mwanamke anayeweza kushika mimba apimwe kabla ya kuanza dawa za jamii ya thalidomaidi na aendelee kupimwa. Hata utambuzi wenyewe huchelewa. Katika eneo la mashamba ya mkonge ni rahisi maumivu ya mgongo yahesabiwe kuwa ya kazi, na upungufu wa damu kuwa wa malaria. Asiyetambuliwa mapema haingii kwenye jaribio, wala haifikii dawa iliyokwisha kuidhinishwa.

Tafiti za baadaye nazo huachwa njiani. Panobinostati, dawa nyingine ya kumeza, iliidhinishwa kwa haraka 2015 kwa sharti la tafiti za kuthibitisha faida yake. Hazikukamilika, na 2022 idhini yake Marekani ikaondolewa. Sioni kosa katika kuondoa idhini isiyothibitishwa. Ninachokiona ni kwamba sharti la mwisho ndilo lenye fedha chache na hamu ndogo.

Gharama hukua kwa sababu za kawaida. Ufuatiliaji ukirefuka, mishahara na vipimo hurefuka nao. Dawa ya kulinganishia lazima inunuliwe, na kila kituo kinachoongezwa kina mafunzo na vibali vyake. Msimamizi anayebanwa hupunguza vituo vya mbali kwanza. Uamuzi huo hueleweka kihesabu, lakini humwondoa mtu yule yule aliyetajwa kwenye ahadi. Huko Marekani watu weusi hupata mailoma kwa kiwango cha takribani mara mbili ya weupe, na bado idadi yao katika majaribio imekuwa ndogo.

Kwa hiyo, katika mpango wowote wa aina hii, ningesoma bajeti kabla ya ratiba. Ningetafuta nani atatoa damu katika zahanati ya karibu, sampuli itafikaje Korogwe au Tanga siku hiyo hiyo, majibu yatarudi kwa nani, na nani atalipia dozi inayofuata jaribio likishafungwa na mgonjwa bado anaendelea vizuri.