Siri ya Nyumba Inapopanda Jukwaani

Juma hili, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya swali ambalo vijana wa vikundi vya maigizo huniuliza kila nikutanapo nao: je, mtoto ana haki ya kuyachukua mambo ya nyumbani kwao na kuyapandisha jukwaani? Baba alikuwa mlevi, shangazi alidhulumiwa urithi, kaka alifukuzwa akafia ugenini. Hayo ndiyo waliyoyaona kwa macho yao, na ndiyo wanayoyajua kuliko jambo jingine lolote. Lakini wakianza tu kuyaandika, mama anauliza: "Mwanangu, unataka kutuvua nguo mbele za watu?"

Swali la mama si la kupuuzwa. Marehemu hawezi kusimama katikati ya ukumbi akasema mambo hayakuwa hivyo. Na aliye hai atakwenda sokoni kesho kununua mchicha, huku watu wakimnyooshea vidole. Kwa upande wa pili, wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Ziko nyumba zilizoharibika kwa sababu ya kunyamaza.

Mimi naona jibu linategemea jambo moja: katika kesi hiyo, mwandishi mwenyewe amejiweka wapi? Mfano mzuri ni Athol Fugard, mwandishi wa tamthilia wa Afrika ya Kusini aliyezaliwa 1932 na kufariki dunia Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 92.

Fugard alikulia Port Elizabeth, mji ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha. Baba yake alikuwa mpiga piano, mlemavu wa mguu. Mzigo wa kuilisha nyumba ulimwangukia mama, ambaye aliendesha nyumba ya wageni, na baadaye mkahawa katika bustani ya St George's Park. Miongoni mwa wafanyakazi wake alikuwamo Mwafrika aliyeitwa Sam Semela. Katika nchi iliyowatenga watu kwa rangi zao, kijana yule wa Kizungu hakuwa na rafiki wa karibu kumshinda Sam.

Siku moja wawili hao waligombana. Fugard akapanda baiskeli, na njiani akamkuta Sam anatembea kwa miguu. Akamwita jina lake. Sam alipogeuka, kijana akamtemea mate usoni, akaenda zake.

Aibu ya tendo lile haikumtoka. Mwaka 1961 aliliandika katika daftari lake la kumbukumbu. Lakini tamthilia iliyotokana nalo, "Master Harold"... and the boys, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza 1982, huko New Haven, Marekani. Kutoka daftari mpaka jukwaa ilipita miaka 21.

Sasa tazama jinsi maisha yalivyogeuzwa mchezo. Barabara imeondolewa na baiskeli imeondolewa. Kila kitu kinatokea ndani ya mkahawa, alasiri moja ya mvua, mwaka 1950. Wahusika tunaowaona ni watatu tu: wahudumu wawili, Sam na Willie, wanaojiandaa kwa mashindano ya dansi, na Hally, kijana wa shule mwenye umri wa miaka 17. Hally ndilo jina aliloitwa Fugard mwenyewe utotoni.

Baba na mama hawaonekani kabisa. Wanaingia kwa njia ya simu. Simu inalia, mama anasema baba anatoka hospitali kurudi nyumbani, na hapo kijana anaanza kubadilika. Anampenda baba yake na wakati huohuo anamwonea haya, kwa kuwa ni mlemavu na mlevi. Hasira hiyo hana ubavu wa kuipeleka kwa baba. Anaitua kwa mtu ambaye sheria za nchi hazimruhusu kujibu. Anamwamuru Sam amwite "Master", yaani bwana wake, kisha anamtemea mate. Mtazamaji anaona kwamba ubaguzi ule haukuishi bungeni peke yake. Ulikuwa tayari jikoni, ukingoja mtoto akasirike.

Sam wa jukwaani anamkumbusha siku alipombeba mgongoni baba yake aliyelewa, na baadaye akamtengenezea mtoto yule kishada ili ajivunie kitu. Kishada kiliporuka, Sam alimwacha Hally ameketi peke yake kwenye benchi. Miaka yote kijana hakujua kwa nini. Benchi lile lilikuwa la Wazungu tu.

Basi nani kavuliwa nguo hapa? Baba katajwa kwa ulevi wake, ni kweli. Lakini mwenye kubeba hatia kubwa kuliko wote ni yule kijana mwenye jina la mwandishi. Na tamthilia hiyo imetabarukiwa kwa watu wawili: Sam na baba yake Fugard. Utawala wa Makaburu ulikipiga marufuku kitabu chake kwa muda, lakini 1983 mchezo ulionyeshwa katika Market Theatre, Johannesburg.

Wako waliokwenda njia nyingine. Mmarekani Eugene O'Neill, aliyepata Tuzo ya Nobel 1936, alimaliza 1941 tamthilia ya familia yake, Long Day's Journey into Night. Ndani yake mna baba mwigizaji aliyeshika sana fedha, mama mwenye uraibu wa mofini, kaka mlevi, na mdogo mtu anayeugua kifua kikuu, ambaye ni mwandishi mwenyewe. Wakati huo baba, mama na kaka wote walikwisha kufa. Hata hivyo aliagiza kitabu kisichapwe mpaka ipite miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki 1953, mjane wake akakitoa 1956.

Katika maisha, O'Neill alikuwa na kaka aliyekufa mchanga, jina lake Edmund. Katika tamthilia alibadilisha majina: aliye hai akamwita Edmund, na mtoto aliyekufa akampa jina lake mwenyewe, Eugene. Yeye naye alijiweka katika hesabu ya waliopotea.

Katika kazi yangu ya redio nimeketi na watu wengi wanaosimulia mambo ya kwao. Nimejifunza kutambua anayetafuta ukweli na anayetafuta kulipa kisasi. Mlipa kisasi hukumbuka makosa ya kila mtu isipokuwa yake. Mtafuta ukweli husita, hurudi nyuma, husema, "Na mimi siku ile nilimjibu vibaya." Hapo ndipo mchezo unapoanzia.

Kwa hiyo nawaambia vijana wetu: subirini mpaka hasira itue, kwa maana hasira mbichi hutoa hotuba, haitoi mchezo. Badilisheni mahali, siku na majina, kwa sababu ukweli wa jambo hauharibiki kwa kuhamishwa chumba. Mpeni baba mlevi angalau dakika moja ya kupendwa, maana hapana baba ambaye alikuwa mlevi na basi. Na kabla ya kumwandikia mtu mwingine mashtaka, jiulizeni mko wapi ninyi katika ukurasa ule. Kama hamumo, au mmo kama malaika, irudisheni kazi mezani.

Mama akija ukumbini siku ya onyesho, huenda bado akalia. Lakini akimwona mwanawe naye yumo kizimbani, atajua kwamba hakuvuliwa nguo peke yake.