Goti linalouma: tunza picha ya zamani

Mkulima wa mpunga wa Chekereni anajua thamani ya goti. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, wengi wameshinda matopeni wakiinama na kuinuka. Jioni goti linadai haki yake. Mama anashindwa kuinuka kutoka kwenye sijda, na wanawe wanasema: "Ute wa magoti umekauka, ni uzee tu." Basi anaachwa hivyo.

Mara nyingi tatizo si ute. Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linalozuia mfupa kusagana na mfupa. Gegedu likilika, maumivu huanza.

Eksirei huonyesha mfupa, gegedu halionekani. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, huonyesha gegedu lenyewe.

Lakini je, utajuaje kama ugonjwa unasonga mbele? Gegedu lina unene wa milimita chache tu, na kwa mwaka hupungua sehemu ndogo sana ya milimita moja. Ukilaza mguu ukiwa umepinda kidogo kuliko mwaka jana, picha mbili zitatofautiana hata kama goti halijabadilika.

Hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Fikiria kanga mbili za doti moja: huwezi kujua ipi imeruka mpaka uweke pindo juu ya pindo. Kompyuta nayo huizungusha na kuisogeza picha mpya mpaka mfupa ukae sawasawa juu ya mfupa wa picha ya zamani. Mfupa wa paja hulinganishwa peke yake, na wa muundi peke yake, kwa kuwa goti hukunjika. Mifupa ikishakaa sawa, upungufu wa gegedu huonekana.

Nchini Marekani, utafiti mkubwa ulioanza kupokea watu mwaka 2004 uliwafuatilia watu 4,796 wenye umri wa miaka 45 hadi 79, wakipigwa picha za MRI za magoti mara kwa mara. Picha hizo zimewasaidia wataalamu kuboresha njia hii.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, usikimbilie MRI. Ni ghali, na mara nyingi daktari hutambua ugonjwa huu kwa kukuuliza na kulishika goti. Ukipimwa, omba nakala ya picha na majibu, uvitunze, uvipeleke safari ijayo. Bila picha ya zamani hakuna cha kulinganisha. Mweleze mpimaji kama una chuma au kifaa chochote mwilini.

Pili, hakuna dawa iliyothibitika kurudisha gegedu lililolika. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa aliyenenepa, hupunguza maumivu.

Tatu, goti likivimba ghafla, likawa la moto na mwili una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na mama asiyeweza kusujudu, mpeni kiti aswali ameketi. Dini haikumkalifisha asiloliweza.