Boti Ikisimama Njiani, Mama Usishuke Bila Kupatana



Juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kulifikiria: kushuka kwenye boti inaposimama kituo cha katikati. Tukisafiri kwenye Ziwa Tanganyika, kutoka Kalemie kupitia Baraka mpaka Uvira, au tukienda upande wa Moba, boti haiendi moja kwa moja. Inasimama hapa na pale, mizigo inapakuliwa na mingine inapakiwa. Kituo kimoja kinachukua saa moja, kingine kinachukua nusu siku. Na sisi mama hatukai tukiangalia wabebaji. Tunashuka. Tunauza unga, tunanunua mawese na ndakala, tunatafuta chakula cha watoto, tunamsalimu shangazi anayekaa karibu na soko.

Siku za amani, hilo si kosa. Lakini pwani yetu haijatulia. Mji uliolala vizuri jana unaweza kuamka leo na risasi. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita ilipofika Bukavu, watu wengi walikimbilia Uvira, na wengine wakapanda boti kutoka Uvira kuja Kalemie. Waliofika walikuwa na mama waliokuwa hawajui watoto wao wako boti gani. Tangu hapo tunajua kwamba hatari ya safari haiko kwenye mawimbi peke yake. Iko pia kwenye ile saa ambayo mguu mmoja uko nchi kavu na moyo uko ndani ya boti.

Yaliyompata mwenzetu

Mama mmoja wa kikundi chetu ametupa ruhusa ya kusimulia habari yake, ila jina lake tulifiche. Alipanda Kalemie na mtoto wake wa kiume wa miaka sita. Kwenye kituo kimoja kapiteni alisema watakaa saa mbili. Mtoto alikuwa amelala juu ya mifuko. Mwenzetu hakutaka kumwamsha. Alimwambia mama aliyeketi karibu, ambaye walijuana siku hiyo hiyo, "Dada, niangalizie mtoto, naenda kununua mawese, narudi sasa hivi." Simu aliiacha ndani ya kikapu, juu ya boti, sababu aliogopa wezi wa soko.

Alikuwa analipa bidoni ya nne wakati risasi ziliposikika upande wa kilima. Soko lote likakimbia. Aliposimama tena na kufika ufukweni, kapiteni alikuwa amekata kamba na boti iko mbali. Hatumlaumu kapiteni. Angebaki, pengine watu wangejitupa juu ya boti mpaka izame na wote walio ndani.

Mwenzetu alibaki na kikwembe alichovaa na pesa kidogo. Namba zote za watu wake zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya boti. Hakukumbuka hata moja. Alilala usiku tatu ndani ya kanisa pamoja na watu wengine waliokimbia. Siku ya nne alikutana na mwanamke mchuuzi wa mawese ambaye anamjua mwekahazina wetu. Huyo ndiye aliyetupigia simu.

Na mtoto? Yule mama wa kwenye boti, Mungu ambariki, hakumwacha. Alifika naye Uvira, akangoja bandarini Kalundu mpaka usiku, kisha akampeleka kwake. Alimuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Mtoto akajibu, "Mama." "Baba yako je?" "Papa." Jina lake mwenyewe alijua lile la utani la nyumbani tu. Kila asubuhi yule mama alirudi naye bandarini, akawaonyesha watu wa boti zote. Sisi tulipopata habari, tulimtuma dada mmoja wa Uvira aende Kalundu, na huko ndiko alikomkuta, siku ya tano, ameketi juu ya kamba anakula mhogo.

Leo mtoto ni mzima. Lakini kwa miezi miwili hakukubali kuachia kikwembe cha mama yake, hata akienda chooni. Na shemeji zake mwenzetu walisema maneno ambayo hatutayaandika hapa.

Tuliketi, tukabishana

Mkutano uliofuata ulikuwa mrefu. Mama wengine walisema dawa ni moja: mtu asishuke kabisa mpaka afike anakokwenda. Wengine wakajibu kwamba chakula cha watoto kiko pale pale kituoni. Ukinunua mawese kwa bei ya kituo na kuyauza mjini, ndipo minervali ya shule inapotoka. Asiyeshuka anarudi mikono mitupu na deni la kikundi.

Pande zote mbili zilisema kweli. Mwishoni tulikubaliana hivi: kama kituo kina habari mbaya siku hiyo, hakuna anayeshuka, hata bei iwe nzuri namna gani. Kama hakuna habari mbaya, tunashuka, lakini tunapatana kwanza. Sababu wakati wa makelele hakuna anayeweza kufikiri. Mtu anafanya lile tu alilokwisha kulipanga akili ikiwa imetulia.

Uliza kabla ya kushuka

Usimuulize kapiteni peke yake, yeye ana haraka ya mizigo. Waulize mama wanaopanda hapo: jana usiku mlilalaje? Soko limefunguliwa? Wanafunzi wamekwenda shule? Mama wauza samaki wako mahali pao? Ukiona bandari tupu mchana, maduka yamefungwa na watu wanabeba magodoro, baki ndani ya boti.

Muulize kapiteni mambo mawili mbele ya watu: tutaondoka saa ngapi, na kama kuna shida, boti itangojea wapi? Kapiteni wengine huwa na kituo kingine wanachokimbilia. Ukikijua, utajua pa kuwatafuta wenzako. Andika namba yake ya simu kwenye karatasi.

Na saa uliyoambiwa, ipunguze kwa nusu. Akisema saa mbili, wewe uwe umerudi baada ya saa moja. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kwenye Tanganyika, na kapiteni akiona ziwa linabadilika anaweza kuondoka mapema, hata bila vita.

Wawili wawili, na mmoja anabaki

Hakuna mama anayeshuka peke yake. Wawili wanashuka, mmoja anabaki na mizigo, na wote watatu wanajua saa ya kurudi. Msiende mbali kiasi cha kutoona bandari. Kama shangazi anakaa mbali, mtumie mtu amwite, mkutane ufukweni. Usipande pikipiki ya mtu usiyemjua kwenda "karibu tu". Kwenye bandari nyingi "karibu tu" ndiyo iliyowaponza mama zetu.

Usipige picha. Askari, majeshi ya majini na watu wa uhamiaji hawapendi kuona simu imeinuliwa bandarini, na picha ya mtoto wako mbele ya boti inaweza kukufungisha mchana kutwa.

Mtoto habaki, mtoto hashuki peke yake

Hii ndiyo kanuni ambayo hatukubishana juu yake. Mama akishuka, mtoto mdogo anashuka naye, amefungwa mgongoni au ameshikwa mkono, hata kama amelala. Kama ni lazima abaki, anabaki na mtu wa kikundi au wa jamaa, si na jirani wa siku moja. Yule mama wa Uvira alikuwa na moyo mwema. Hatuwezi kujua wa kesho atakuwa na moyo gani.

Mfundisheni mtoto kuanzia miaka minne majina matatu: jina lake kamili, jina la mama, jina la baba, na kartie anapokaa. Mwimbieni kama wimbo wakati wa kuoga, atayashika. Kwa mdogo zaidi, andikeni jina na namba mbili za simu kwenye kipande cha kitambaa kwa kalamu isiyofutika, mkishone ndani ya nguo, upande usioonekana. Namba moja iwe ya mama, nyingine ya mtu ambaye hasafiri.

Simu, pesa na karatasi

Simu inashuka na mama. Mwizi akiichukua, umepoteza simu. Ukiiacha ndani ya boti na boti ikaondoka, umepoteza watu wako wote. Lakini hata hivyo, kila mama ajue namba mbili kwa kichwa. Kwenye mkutano wetu tulijaribu: kati ya mama ishirini na mmoja, wanne tu walikumbuka namba isiyo yao wenyewe. Jaribuni kwenye kikundi chenu, mtashangaa.

Pesa igawanyeni mara tatu: kidogo mkononi kwa soko na kwa vizuizi, nyingine imefungwa mwilini, nyingine kwa mwenzako aliyebaki. Karti ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, iwe mwilini. Nakala yake ibaki nyumbani. Mtu aliyeachwa kwenye mji usio wake bila kitambulisho ana shida mara mbili, sababu kila kizuizi kitamuuliza ametoka wapi.

Risasi zikisikika

Lala chini. Mlaze mtoto, mfunike kwa mwili wako. Sogea polepole nyuma ya ukuta wa matofali au ndani ya shimo, si nyuma ya mabati wala mbao, risasi inayapita. Usikimbie na umati kwenda kwenye boti. Huu ndio ushauri mgumu kuliko yote, sababu moyo wote unataka kukimbilia huko. Lakini ubao wa kupandia ndipo watu wanapokanyagana na kuanguka majini, na boti iliyojaa kwa hofu haifiki mbali.

Tusisahau ndugu zetu wa Ziwa Kivu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakati watu wa nchi kavu wanaiangalia. Makumi ya watu walikufa. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi, na moja ya sababu za watu kujaa kwenye boti siku zile ni kwamba vita ilikuwa imekata barabara. Boti ikikuacha, umepoteza safari. Ukipanda iliyojaa, unaweza kupoteza maisha na ya mtoto pia.

Ukibaki nyuma

Nenda mahali penye watu wengi na mama wengine: kanisa, msikiti, hospitali, shule. Jitambulishe kwa kiongozi wa hapo, atakusaidia na atakuwa shahidi wako. Piga simu ya kwanza kwa yule asiyesafiri, si kwa wote. Yeye ndiye atakayewatangazia wengine, ili simu yako isiishe moto.

Maji ya ziwa usiyanywe hivi hivi, hata kiu ikizidi. Kolera haijaondoka kwenye pwani yetu. Mtoto akianza kuhara na hakuna dawa, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umpe kidogo kidogo, kisha umkimbize kituo cha afya.

Na kama mama au msichana ametendewa kwa nguvu, asioge kwanza, asinyamaze kwanza. Aende hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, sababu dawa za kukinga virusi vya ukimwi zinafanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na kila saa ya mapema ni bora. Kuna dawa pia ya kuzuia mimba. Sisi wenzake kazi yetu ni kumsindikiza. Kumuuliza kwa nini alishuka si kazi yetu.

Kazi ya vikundi

Tunaomba kila kikundi kichague mama mmoja ambaye, wakati wenzake wako ziwani, anabaki nyumbani na simu iliyojaa moto na daftari: nani amesafiri, boti gani, mtoto gani, anatazamiwa siku gani. Tuliweka kando faranga kidogo kidogo kutoka kwa akiba ili kumnunulia yuniti. Ni gharama ndogo kuliko siku tano za kutafuta mtoto.

Mwenzetu amerudi kwenye biashara yake ya mawese. Juma lililopita alipanda tena, na mtoto yuko naye. Kabla hawajaondoka tulimsikia mtoto akitaja jina lake, la mama, la baba na la kartie, mbele ya wabebaji wote. Wabebaji walicheka. Mama yake hakucheka. Aligusa pindo la shati la mtoto, pale kitambaa kilipo, kisha wakapanda.