Mstari wa Vizibo

Sogeeni, wanangu, mkeka unatosha. Leo sina sungura wala fisi. Nina vizibo vya soda.

Mwanangu wa pili alitimiza miaka mitatu bila kuniita mama hata siku moja. Bibi yake alinituliza, akasema watoto wa kiume huchelewa kusema. Jirani akataka tumvishe hirizi. Shangazi akakata shauri kwamba ni kiziwi. Huyo nilimsikiliza kidogo, maana kweli ukimwita jina hageuki. Lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha tatu, utamwona amefika mbio kabla hujaitia mdomoni. Kiziwi gani huyo?

Kutwa alikuwa barazani akipanga vizibo, kimoja nyuma ya kingine, mstari umenyooka kama uzi. Ukiondoa kimoja, analia mpaka sauti inamkauka.

Miezi ya kutumwa huku na huku naipita, ni foleni na fomu tu. Siku yenyewe ya vipimo tulipanda basi la alfajiri kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam: mimi, yeye na dada yake wa miaka tisa, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia.

Ninyi mkisikia vipimo mnaona sindano. Usonji, ambao ndio tulikwenda kuupima, hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya eksirei. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, ukampa mtu njia yake ya kusikia, kuona na kukaa na wenzake. Hauambukizi, lala naye kitanda kimoja, hutaupata. Kwa hiyo anayeupima hana budi kumtazama mtoto na kuuliza.

Wataalamu walianza na masikio. Mazima. Kisha tukaingia chumba chenye zulia na vitu vya kuchezea. Mtaalamu, mama wa makamo, alikaa chini akakunja miguu, akapuliza mapovu ya sabuni, halafu akanyamaza na kichupa mkononi. Alikuwa anasubiri. Watoto wengi hapo wangemtazama usoni, wangenyoosha kidole, wangesema "tena!" Wangu alimshika kifundo cha mkono akauvuta mkono ule hadi kwenye kichupa, kama mtu anavyoshika mwiko. Usoni hakumwangalia. Yule mama akaandika. Akampa gari dogo. Mtoto akaligeuza juu chini, akazungusha gurudumu moja, jicho karibu ligusane nalo. Yule mama akaandika tena.

Kisha akanigeukia mimi. Alitembea lini? Aliwahi kupunga mkono? Huwa anakuonyesha kitu ili mkitazame pamoja? Wanangu, yote nilikuwa nayajua, na yote yalinitoka kichwani. Ndipo dada mtu akafungua mkoba wake wa shule, akatoa daftari.

Hapa nitoke kidogo barazani kwetu. Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi huko Marekani, mwanasheria Beamon Triplett aliandika barua ya kurasa 33 kuhusu mwanawe Donald. Mtoto alikuwa mwepesi wa kukariri, akipenda kuzungusha vitu, asiyejali nani kaingia nani katoka. Madaktari walikuwa wamewashauri wazazi wamweke mbali na nyumbani. Alikaa huko karibu mwaka mzima, kisha wazazi wakamrudisha nyumbani. Barua ile ilikwenda Baltimore kwa daktari Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala juu ya watoto 11 wa namna hiyo, hali tunayoiita leo usonji, na wa kwanza kuelezwa ni Donald. Watu humtaja daktari. Mimi humtaja baba. Donald naye alikua, akamaliza chuo, akafanya kazi benki, akacheza gofu na kutembea nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Daftari la binti yangu halikufika kurasa 33. Ukurasa mmoja ulisema hivi: "Spika ya msikiti ikilia anapiga kelele. Nikimziba masikio kwa mikono yangu ananyamaza." Mtaalamu aliusoma mara mbili.

"Nani alikufundisha hivi, mwanangu?"

"Hakuna. Niliona tu."

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Mwisho akaniambia: mtoto ana usonji. Nililia kwenye ngazi, siwafichi, kisha nikanunua maji tukanywa. Dawa ya kuuondoa haipo. Yapo mafunzo, na tuliyaanza.

Sasa ana miaka saba. Maneno yake bado machache, ila ana kadi za picha za kuombea kitu, na ile ya maji imechakaa pembe zote. Adhana ikikaribia, dada yake huacha anachofanya.

Na ninyi mkipita barazani kwetu mkaukuta mstari wa vizibo, urukeni.