Vumbi la Migodini na Namna ya Kulituliza

Vumbi la mgodini huzaliwa pale jiwe linapopasuliwa. Kwa baruti, kwa nyundo na moko au kwa karasha, kila pigo huachia chembe ambazo upepo unaweza kuzibeba. Zile kubwa huanguka karibu, na ndizo zinazobadilisha rangi ya migomba kando ya barabara. Za kuogopwa ni zile zisizoonekana. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe isiyofikia mikromita 4 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kubaki humo.

Kata ya Kasulo wilayani Ngara, penye njia panda ya Benaco, inajulikana zaidi kwa malori yanayoelekea Rusumo. Hata hivyo imo katika ukanda wa madini: nikeli ya Kabanga karibu na mpaka wa Burundi, na dhahabu ya Tulawaka wilayani Biharamulo, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2005 na kuingia mikononi mwa shirika la madini la taifa, STAMICO, mwaka 2013. Kati ya Juni na Agosti mvua hukatika, udongo mwekundu hukauka, na magurudumu huusaga ukawa unga.

Dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi hukaa ndani ya kwatsi, lile jiwe jeupe linalometameta, ambalo ni silika. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya aina hiyo, inapovutwa kazini, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kabla ya saratani kuna silikosisi: mapafu hujaa makovu, pumzi hukata, na dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa haipo. Mwenye silikosisi pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na baya zaidi, mchimbaji anaweza kuacha kazi leo ugonjwa ukamfuata miaka mingi baadaye.

Kinga ya kwanza ni maji, nayo yatangulie vumbi. Mwishoni mwa karne ya 19 John George Leyner wa Colorado, Marekani, aliunda mashine ya kuchoronga inayopitisha maji ndani ya chuma hadi kwenye ncha. Zile kavu zilizotangulia ziliitwa watengeneza wajane. Kwa mashine ya maji, kinachotoka tunduni ni tope la kijivu linalochuruzika ukutani, badala ya moshi mweupe usoni mwa mchimbaji. Kwenye karasha na mikanda ya kubebea mawe hutumika manyunyu, na ukubwa wa tone ni jambo la kuangaliwa: tone nene huisukuma chembe pembeni, tone dogo huinasa. Pale maji yanapoharibu kazi, mashine hufunikwa na hewa yake kufyonzwa ipite kwenye chujio.

Barabara za mgodi hutoa vumbi jingi kuliko watu wanavyodhani. Boza hupita, barabara ikapoa, kisha jua la saa sita likaikausha upya. Kwa hiyo boza peke yake halitoshi. Mwendo wa malori hupunguzwa, na njia humwagiwa kitu cha kugandisha udongo. Molasi, masalio ya viwanda vya sukari, ni mojawapo. Mchanga wa marudio, yaani masalio ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, ukiachwa wazi nao hutimua vumbi kila upepo ukivuma. Huwekwa unyevu, na eneo likishafungwa hufunikwa udongo na kupandwa majani.

Barakoa huja mwisho. Ya kitambaa haizuii silika kwa kiwango cha kutegemewa; inayofaa ni ya chujio maalumu, tena iliyobana vizuri usoni.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Taasisi ya taifa ya mazingira husimamia hewa inayowafikia wanakijiji, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, husimamia ile anayovuta mfanyakazi. Kwenye karasha za wachimbaji wadogo, ambako ukaguzi ni mgumu zaidi, hatua za gharama ndogo zipo: kulowesha jiwe kabla ya kusaga, kusimama upande upepo unakotoka, kumwaga maji kabla ya kufagia, na kuacha nguo za kazi machimboni. Nguo ikikung'utwa nyumbani, anayeifua na mtoto aliye mgongoni mwake huvuta vumbi lilelile.