Je, Wajua? Dumuzi Hufa kwa Kukosa Hewa

Mfuko mmoja unaweza kuua dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, bila hata chembe ya dawa.

Una tabaka 3: mbili za nailoni ndani, moja ya kiroba nje. Nchini Tanzania unajulikana kwa jina la Kinga Njaa. Jaza mahindi yaliyokauka vizuri. Kamua hewa, sokota mdomo, funga kila tabaka kwa kamba yake. Wadudu waliomo huvuta oksijeni mpaka inapungua mno. Wanalegea, wanaacha kula, wanakufa. Utaalamu huu ulianzia Cameroon miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde.

Dumuzi mwenyewe ni mgeni. Alitoka Amerika ya Kati, na wengi humwita Skania.

Kwa familia ya Mbagala au Manzese, jijini Dar es Salaam, mfuko huo ni akiba. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, mavuno mapya humiminika soko la Tandale na bei ya mahindi hulegea. Ikifika Januari, mahitaji ya shule yakiwa mlangoni, bei huwa imepanda. Majirani wakichangiana gunia la Julai na kugawana kwa debe, hata mwenye kipato kidogo anapata fungu lake.